Mboga Ziliingia, Baba Akabaki Langoni

Baba yangu alikataa kutibiwa macho kwa sababu ya kisu. Nalisema hili mwanzoni kabisa, mtu asije akadhani hasira nilizokuwa nazo mwaka huo zilikuwa za bure.

Kisu chenyewe ni cha kukunja, cha kutoshea mfukoni, mpini wa mti uliopauka na makali yaliyonolewa miaka mingi mpaka yakabaki membamba. Alikuwa nacho kabla sijazaliwa. Akivuna kabichi haing'oi, anaikata juu ya yale majani mawili ya chini, kisha anachora msalaba juu ya kisiki kwa ncha ya kisu. Wiki chache baadaye kisiki kinachipua vikabichi vitatu au vinne vya ukubwa wa ngumi. Anapandikiza parachichi kwa kisu hicho, anamenya miwa, anakata kucha. Na kukiwa na sherehe, wazee wakiitwa kando penye mbuzi wa kuchoma, kila mmoja anatoa kisu chake mfukoni, kwa sababu kwa wanaume wa kwetu kuazima kisu penye nyama ni aibu. Ukimwambia Baba aache kisu nyumbani, ni kama umemwambia atoke bila suruali.

Anaishi Kabete, kwenye robo ekari iliyobaki nyuma ya nyumba zake za kupangisha. Mama alishatuacha. Mimi naishi kwenye gorofa Kileleshwa na kufanya kazi Upper Hill, na kila Jumamosi naenda kumwona. Kila Jumamosi narudi na buti ya gari imejaa mboga. Anafunga sukuma wiki, managu na terere mafungu mafungu kwa kamba za mgomba, fundo moja tu, lile lile siku zote. Wapangaji wanapata fungu lao, watu wa kanisa wanapata lao, mimi napata langu. Hauzi hata jani moja. Ukimwambia kwamba umeshiba mboga anakuuliza kama wewe ni mgonjwa.

Sasa, macho. Yalianza kufifia taratibu na hakumwambia mtu. Mimi nilijua kupitia mboga. Fungu la terere lilikuja na magugu ndani. Sukuma wiki ikaanza kuja na wadudu wale wadogo wa kijivu wanaojazana chini ya jani, wengi kiasi kwamba jani lilikuwa zito. Viwavi walitoka kwenye kabichi wakatembea juu ya meza yangu. Siku moja nilikuwa nikinawa mikono penye mfereji wa ploti, mpangaji mmoja akanisogelea na kuongea kwa sauti ya chini.

"Madam, mboga za landlord siku hizi ziko na wadudu. Lakini sisi tutasema aje?"

"Mwambieni tu," nikasema.

"Nimwambie landlord mboga yake ni mbaya? Wewe ndio mtoto yake."

Aliniacha na hiyo kauli akaenda na ndoo yake. Nilijiambia sina haja ya kumvunja moyo mzee. Macho yakitibiwa, atawaona wadudu mwenyewe, atapiga dawa, na mambo yatajinyoosha bila mtu yeyote kusema neno. Nilijiona mwerevu sana. Halafu akanipigia simu siku ya kazi akisema amejikata kidogo akivuna. Hicho kidogo kilishonwa nyuzi sita, na kidole gumba hakijakunjika vizuri mpaka leo.

Kanisa lilikuwa na siku ya madaktari wa kujitolea, na daktari wa macho akampima pale pale chini ya hema. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia baya zaidi. Daktari huyo ni mwanamke mpole anayeishi Kitisuru. Alinivuta kando akasema tusichelewe, kwa sababu utando ukikomaa sana upasuaji unakuwa mgumu, na kuna watu huja wakati hawezi tena kuwaahidi chochote. Akatupa siku ya kufika hospitali anakofanyia kazi, Parklands. Nikaomba ruhusa ofisini. Nikamchukua Baba asubuhi, koti limepigwa pasi, viatu vinang'aa, fungu la sukuma wiki kwenye kiondo kwa ajili ya daktari, kwa sababu Baba haendi kwa mtu mikono mitupu.

Langoni askari alimpitishia kile kifimbo chao cha kutafuta vyuma. Kikalia kiunoni.

"Mzee, uko na nini hapo?"

"Kisu," Baba akasema, bila kuficha chochote.

"Utaniachia hapa. Ukitoka unachukua."

"Hapana."

Alilitamka kwa adabu kabisa. Askari naye alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba hapakuwa na mtu wa kumfokea. Ilibidi nieleze watu wote waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni kisa cha benki. Miaka kadhaa iliyopita Baba aliacha kisu hicho kwa askari wa benki moja katikati ya jiji. Alipotoka, askari wa zamu alikuwa ameenda nyumbani na ufunguo wa droo. Baba alirudi mjini siku nne mfululizo, akisimama kwenye ngazi za benki tangu wanapofungua, mpaka yule askari akarudi kazini. Tangu hapo akaapa hatakabidhi kisu kwa mtu aliyevaa sare.

"Mzee, mimi siendi mahali," askari akamwambia. "Niko hapa mpaka saa kumi na mbili."

"Hata yule alisema hivyo."

"Baba, tafadhali," nikasema. "Hili jicho ni lako."

"Najua ni langu, mami." Ananiita mami kwa sababu nimepewa jina la mama yake, na hutumia neno hilo vizuri sana anapotaka nishindwe. "Wewe ingia. Mimi nitakungoja hapa kwa jua. Peleka hizi mboga, daktari asikose."

Basi niliingia. Sijui kwa nini niliingia. Nilipanda lifti na kiondo mkononi, nikaketi katikati ya watu waliobandikwa pamba machoni, nikaitwa kwa jina la baba yangu, nikasimama na sukuma wiki. Daktari alizipokea kwa mikono miwili, akasema zinapendeza, akatupa siku nyingine baada ya wiki mbili. Niliposhuka nilimkuta Baba na yule askari wakizungumza juu ya ugonjwa wa mahindi huko magharibi kwao askari, marafiki wakubwa.

Mara ya pili nilimwapisha. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilimpigia simu nikamwambia, Baba, kesho usibebe kisu. Akasema sawa. Asubuhi ndani ya gari nikamuuliza tena, akasema nisimsumbue. Tulipofika, kifimbo kikalia kiunoni.

"Baba, tulisema nini?"

"Ulisema nisibebe. Sijabeba. Iko tu kwa mfuko."

Nilifunga macho nikahesabu. Nikamwambia basi tukiweke ndani ya gari. Akasema gari imeegeshwa barabarani na barabara ina wezi. Nikamwambia nitabaki nacho mimi nje ya lango. Akauliza ni nani basi atamwingiza ndani, kwa sababu hawezi kusoma vibao vya milango. Hapo alikuwa na haki, na ndiyo mara ya kwanza alipokiri kwangu kwa mdomo wake kwamba haoni. Askari akajitolea kumshika mkono mpaka juu. Baba akamwangalia, au akaangalia mahali sauti ilipotokea, akasema lango haliwezi kuachwa bila askari, kuna watu wabaya. Watu wa foleni wakaanza kuguna. Mimi nilipaza sauti. Nilimwambia baba yangu mbele ya watu kwamba atapofuka na ajue mimi sitakuwa mboni yake. Alinyoosha kiondo kuelekea kwangu, mbali kidogo na mkono wangu ulipokuwa.

Mboga zikaingia kwa mara ya pili. Daktari safari hii hakutabasamu sana.

"Watu wasipokuja hata siku ya tatu, mimi hugawa nafasi yao," akasema akinipa tarehe nyingine. "Na mwambie asante kwa mboga. Zile za mwisho zilikuwa tamu."

Siku ya tatu nilimkuta ametulia. Alikuwa tayari amekaa nje na fungu la terere na boga kubwa la kijani lenye madoa. Sikumuuliza habari za kisu kwa sababu nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimeamua kwamba kifimbo kikilia nitamwacha hapo nje na nitamtumia teksi. Boga nililibeba mimi ndani ya kiondo. Lilikuwa zito kama mtoto.

Kifimbo kilipita kiunoni, mfukoni, mgongoni, hakikulia. Askari akakipitisha tena asiamini. Akainama akachungulia kwenye kiondo, akaligonga boga kwa kidole.

"Hii malenge imeiva vizuri, mzee."

"Ya mbegu yetu wenyewe," Baba akasema.

Tukaingia. Nilifurahi hata nikamnunulia chai. Juu, daktari alipofika kumsalimu, nilichukua kiondo nikampa vyote, terere na boga, kwa mikono miwili. Baba alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani na kuwekewa dawa ya jicho, hakuona. Jicho la kulia likafanyiwa kazi mchana ule, na kwa umri wake wakamlaza.

Asubuhi nesi alimwondolea pamba. Baba akapepesa, akageuza kichwa polepole, akatazama ukuta. "Saa mbili na dakika kumi," akasema. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa hivyo hivyo. Kwa dakika nzima nilimsamehe kila kitu.

Halafu akaniuliza, "Malenge iko wapi?"

"Daktari ameenda nayo."

"Ameenda nayo wapi?"

"Nyumbani kwake, Baba. Si ulimletea."

"Nilimletea terere. Malenge nilikuwa nirudi nayo."

Nesi akatutazama, akatoka. Baba akanieleza kwa sauti ya chini. Alikuwa amekata mlango wa mraba chini ya boga, akachokoa mbegu kidogo, akaingiza kisu kilichofungwa kwenye karatasi ya plastiki, akarudisha ule mlango na kuukaza kwa miiba ya mlimau. Alifanya kazi hiyo yote kwa kupapasa, na kisu chenyewe ndicho kilichokata, kwa hiyo kilipokuwa tayari ndani, mlango alimalizia kuuchonga kwa msumari. Alikuwa na fahari kidogo akinieleza. Niliketi kwenye ukingo wa kitanda. Nilitaka kulia, nikacheka, kisha nikakasirika upya, safari hii kwa sababu nilijua ni nani ataenda kulitafuta hilo boga.

Daktari wa macho unampigiaje simu umwambie boga lako lina kisu? Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema nije nyumbani kwake Jumamosi.

Kitisuru kuna lango la barabara na baada yake lango la nyumba, na kwenye yote mawili niliulizwa ninakuja kufanya nini. Nikasema nimekuja kuona daktari. Mpishi wake, mama wa makamo aliyevaa aproni ya maua, akanipeleka nyuma ya nyumba akiwa amekunja uso.

"Dada, usikasirike. Hiyo malenge iliingia siafu siku hiyo hiyo. Nikaitupa kwa mbolea."

Rundo la mbolea lilikuwa nyuma ya ukuta, chini ya mti wa maua. Boga lilikuwa juu, limelala ubavu, mlango wake umelegea. Nikaingiza mkono nikakitoa kisu, kimeteleza kwa utomvu lakini kizima. Ndipo nikaona kamba za mgomba. Mafungu mawili ya sukuma wiki, yamegeuka manjano na kuoza kuanzia katikati, na fundo moja tu kwa kila fungu. Hakuna aliyeyafungua. Kando yake lilikuwapo fungu la terere, bado la kijani.

Mpishi aliona ninachotazama. "Zilikuwa na wadudu wengi sana," akasema. "Daktari alisema tusimwambie mtu."

Daktari mwenyewe akatoka akanisalimu, akauliza jicho linaendeleaje, akakumbusha kwamba mzee asiiname wala asibebe kitu kizito kwa wiki mbili. Nilisimama mbele yake, kisu mkononi kikidondosha utomvu. "Na umwambie asante kwa mboga," akasema. "Mwambie tulifurahia." Alisema kwa upole kabisa, na mimi nikasema nitamwambia.

Nilikuwa na hasira naye mpaka nilipofika kwenye gari. Nilifungua buti ili niweke kiondo, na harufu ya mboga ya Jumamosi iliyopita ikanipiga usoni. Lile fungu langu lilikuwa bado humo. Kwa kawaida nalipeleka ofisini Jumatatu na kuliweka kando ya birika, mama anayefagia anachagua majani yanayofaa na mengine yanaingia kwenye pipa. Sikumbuki mara ya mwisho nilipopika kitu kutoka kwa baba yangu. Nilifunga buti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili baada ya ibada nilienda Kabete na kisu mkobani, nimekiosha na kukipaka mafuta. Uongo pia nilikuwa nao tayari, kwamba boga lilipikwa na lilikuwa tamu. Hakuwa barazani. Nilimkuta katikati ya sukuma wiki, amevaa miwani myeusi ya hospitali na suti ya kanisani. Alikuwa ameshika jani moja bila kulichuma, ameligeuza upande wa chini.

"Mami, hebu kuja uone hii."

Nikaja. Upande wa chini haukuonekana kijani hata kidogo.

"Hii ndio nimekuwa nikipelekea watu?"

"Si yote, Baba."

"Wapangaji?"

"Wanashukuru sana."

"Sijauliza kama wanashukuru." Akaachia jani. "Daktari?"

Uongo wangu ulikuwa pale pale mdomoni. Nikasema, "Alizitupa."

Akatikisa kichwa kama mtu anayepewa habari ya mtu mwingine. Akavua miwani, akanitazama, na kwa muda mrefu sikuwa nimetazamwa naye hivyo, jicho likitua usoni pangu na kukaa hapo.

"Na wewe, unakula?"

"Hapana," nikasema. "Sili. Napeleka ofisini. Nyingine zinatupwa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Kwa hivyo nyinyi wote mlikuwa mnaona," akasema. "Mwaka mzima, mimi peke yangu ndio sioni, na hakuna mtu hata mmoja anaweza kuniambia. Hata wewe. Wewe umenipigia kelele kwa lango ya watu, juu ya kisu. Hiyo uliweza."

Mwaka mzima nilikuwa nimemkasirikia kwa ukaidi wake, na kumbe kile kitu kimoja ambacho kingemfanya akimbilie hospitali mwenyewe, na kisu au bila kisu, nilikuwa nacho mimi, ndani ya buti ya gari. Ningemwambia tu kwamba chakula chake hakiliki. Angeumia, na angeenda. Niliona aibu.

Nilimpa kisu. Alikifungua, akakipitisha kwenye kidole chake kibaya, akakanyaga mstari wa kwanza na kuanza kuinama.

"Baba, daktari amekataza kuinama."

Akanyooka. Kisha akanigeuzia mpini.

"Basi kata wewe. Yote. Chini kabisa, tuchome."

Nilivua viatu vya kanisani nikaviacha kwenye ua. Nilikata mashina ya sukuma wiki moja baada ya jingine, mstari baada ya mstari, wadudu wakinipanda mikononi, na wapangaji wakajitokeza milangoni kutazama bila kuuliza. Baba alitembea nyuma yangu mikono mgongoni. Nilimaliza mstari wa mwisho nikanyoosha mgongo.

"Umeruka moja," akasema. "Hapo kando ya ua. Naiona kutoka hapa."